Kinachokufuata na unachokifuata: hesabu ya mwaka mmoja wa muziki, filamu, michezo na vitabu

Kwetu Makunduchi mwaka hauishi Disemba. Huisha Julai, siku ya Mwaka Kogwa, pale wanaume wanapochapana kwa mashina ya migomba, kibanda cha makuti kikatiwa moto, na wanawake wakapita wakiimba kwa nguo zao mpya. Kwa sababu hiyo hesabu yangu ya mwaka, yaani ya muziki niliousikiliza, filamu nilizozitazama, michezo niliyoicheza na vitabu nilivyovisoma, huifunga wakati ambapo wenzangu wengi wamo katikati ya mwaka wao. Nina daftari moja lenye safu mbili. Katika safu ya kwanza huandika siku niliyokutana na kitu kwa mara ya kwanza, na katika ya pili huandika siku niliyokirudia bila ya kulazimishwa na mtu. Vitu vingi huishia safu ya kwanza.

Mwaka huu mdogo wangu, ambaye ni mwalimu wa skuli Chake Chake, alinipigia simu kabla sijaifunga hesabu hiyo, akanitaka nimfanyie kazi. "Kaka," aliniambia, "mie nina nauli ya kuja Unguja mara moja tu kwa mwaka, na akiba ya kununulia vitu viwili au vitatu. Usinipe orodha ya vyote ulivyovipenda. Niambie nije mwezi gani, ninunue kipi, na kipi nikiache." Nilipolitazama daftari kwa macho yake niliona kwamba nilikuwa nimelipanga kama rafu za duka: muziki huku, filamu kule, vitabu chini. Kwa mtu wa Pemba mwenye nauli moja mgawanyo wenye maana ni mwengine. Kuna kitu kitakachomfuata mpaka nyumbani kwake, akikikosa leo atakipata kesho, na kuna kitu ambacho hakina miguu, lazima yeye ndiye akifuate.

Muziki ndio ulioijaza safu ya pili kuliko vyote, ukiliacha gemu la simu ambalo nitakuja kulieleza. Nyimbo nilizozipenda nilizisikia kwa njia tatu, na tofauti ya njia ilikuwa kubwa kuliko tofauti ya nyimbo zenyewe. Njia ya kwanza ni simu. Taarabu kongwe ya Unguja sasa inapatikana mitandaoni kwa wingi ambao marehemu baba yetu, aliyekuwa akiazima kanda kwa majirani na kuzirudisha zimetafunwa, asingeuamini. Hata hivyo, anayeisikiliza humo hana budi kujua anachokisikiliza. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na santuri za zama zile, zilizokuwa zikizunguka mara 78 kwa dakika, zilibeba dakika tatu au nne tu kwa kila upande. Wimbo ambao mbele ya watu ungechukua robo saa ulilazimika kukatwa, au kugawiwa pande mbili, ili uenee kwenye sahani. Kilichokuwa rahisi kupunguzwa ni takasimu, ile sehemu ambapo mpigaji mmoja huachiwa ajitafutie njia peke yake huku wenzake wakimsubiri. Masikio yetu yamezoea ufupi huo na kuudhani ni wa taarabu, ilhali ulikuwa ni wa mashine.

Njia ya pili ni kukaa katika mazoezi. Unguja ina bahati ya vikundi viwili vyenye umri unaowazidi wengi wetu: Nadi Ikhwan Safaa, kilichoasisiwa mwaka 1905, na Culture Musical Club, cha mwaka 1958. Mtu akiomba kwa adabu, akavua viatu mlangoni na akakaa kimya, si rahisi afukuzwe. Jioni moja niliketi karibu na mpigaji wa kanuni. Kanuni ina nyuzi zaidi ya sabini, na kila sauti hutolewa na nyuzi tatu zilizokazwa sawasawa, kwa hivyo kabla ya jambo lolote yule bwana alishika ufunguo wake mdogo akaanza kukaza, uzi baada ya uzi, akiutegea sikio mmoja mmoja, kwa muda ulionitosha kumaliza vikombe viwili vya kahawa. Hakuna aliyemharakisha. Wapigaji wa fidla walikuwa wakizungumza bei ya dagaa. Kisha bashrafu ikaanza, wote kwa pamoja, bila ya mwimbaji, na dagaa wakasahauliwa. Katika ubeti wa pili wa wimbo uliofuata mwimbaji alilikosa neno, akacheka, akarudishwa mwanzo. Wimbo ule niliusikia mara nne usiku huo huo, na ilikuwa mara ya nne ndipo nilipolifahamu fumbo lililokuwamo ndani yake. Katika simu ningekwisha kuuruka zamani.

Njia ya tatu ni tamasha, na hapa ndipo suala la nauli linapoingia. Sauti za Busara lilianza mwaka 2004 na hufanyika Februari ndani ya Ngome Kongwe, ile iliyojengwa na Waarabu wa Omani baada ya Wareno kuondoka. Sifa yake kubwa ni sharti lake: anayepanda jukwaani hupiga na kuimba papo hapo, wala haruhusiwi kufungulia wimbo uliokwisha kurekodiwa na kuutikisia midomo. Kwa usiku mmoja mtu husikia ala za nchi tatu au nne za Afrika ambazo majina yake hakuwahi kuyasikia, na kwa nauli ile ile ya boti. Lakini niseme ukweli kwamba taarabu haipati haki yake pale. Watu wamesimama, ilhali taarabu ni ya kukaa. Muda wa kila kikundi umepimwa, ilhali takasimu haipimiki. Na vipaza sauti vinavyolifaa kundi lenye magitaa matano huifanya nai, ile ala ya mwanzi ya kupuliza, isikike kama filimbi ya refa. Mwaka huu nilimwona bibi mmoja aliyevaa buibui, mwenye noti mkononi, akitafuta njia ya kumfikia mwimbaji ili amtunze kwa ubeti uliomgusa, akazuiwa na uzio wa chuma. Aliikunja noti, akairudisha kwenye mkoba, akaondoka kabla ya wimbo kwisha. Kutunza ni nusu ya taarabu, kwa kuwa ndiyo njia ya msikilizaji ya kumjibu mwimbaji, na mara nyingine ya kumjibu jirani yake.

Kwa anayetaka upana, basi, achague tamasha, na kwa anayetaka kina, achague mazoezi au harusi. Kidumbaki nacho, chenye fidla yake moja, sanduku lake la besi na vigoma vyake viwili, hakifai kusikilizwa popote isipokuwa harusini, kwa sababu ni muziki wa kuinuka na kucheza. Ama zenji fleva na bongo fleva, sikuzirudia sana mwaka huu, na hata ningezirudia nisingemshauri mtu apande boti kwa ajili yake, kwa kuwa zinamfika mpaka kwenye daladala ya Wete kabla hajaziulizia.

Upande wa pili wa mizani ni tamasha la filamu, lililoasisiwa mwaka 1997 na ambalo watu wengi wanalijua kwa herufi zake za Kiingereza, ZIFF. Hilo hufanyika katikati ya mwaka, na tuzo yake kuu huitwa Jahazi la Dhahabu. Nalo pia limeishi miaka mingi ndani ya Ngome Kongwe, kwa hivyo mdogo wangu hakuwa akichagua baina ya mahali, alikuwa akichagua baina ya misimu miwili ya mahali pamoja. Kizazi cha wazee wetu kilikuwa na Majestic, Empire na Cine Afrique, na kwenda sinema kulikuwa ni jambo la kuvalia. Sisi tuliobaki na simu tumesahau kwamba filamu huchekesha zaidi watu wakiwa mia tatu. Usiku mmoja kulikuwa na upepo kiasi kwamba pazia lilijaa kama tanga, na uso wa mwigizaji mkuu ukawa unavimba na kupwaya katikati ya maneno ya huzuni. Watu walicheka mpaka machozi, kisha upepo ukatulia, tukanyamaza sote kwa pamoja. Sikumbuki jina la filamu ile.

Hapo ndipo nilipomwambia mdogo wangu aje Februari. Filamu nyingi nzuri hatimaye hufuata watu, hata zikichelewa mwaka mzima, na picha itakayofika Chake Chake ni ile ile iliyooneshwa Unguja. Kundi la watu ishirini na fidla zao halifiki hivyo. Lakini naye ni mwalimu, akanikamata mara moja. "Na zile fupi?" aliniuliza. Alikuwa na haki. Filamu fupi za vijana wa Afrika Mashariki, za dakika kumi au kumi na tano, huoneshwa tamashani mara moja na baada ya hapo hazionekani popote. Mwaka huu niliziandika tatu katika safu ya kwanza, nikazitafuta ili nizirudie, nisizipate. Kwa kipimo changu mwenyewe hizo ndizo zisizo na miguu kabisa. Kwa hivyo kanuni yangu inayumba mahali hapo, na kama angekuwa ni mtu anayesomesha upigaji picha, au anayeota kutengeneza filamu yake, ningemgeuzia maneno na kumwambia aje katikati ya mwaka, muziki usubiri. Yeye anasomesha jiografia na anapiga udi kidogo. Februari inamfaa.

Mambo mawili ya kuangalia kabla ya kukata tiketi. La kwanza ni kwamba tamasha la muziki liliwahi kukosekana mwaka 2016 kwa ukosefu wa fedha, kwa hivyo asikate tiketi kwa mazoea tu bila ya kuhakikisha. La pili ni kwamba Ramadhani hurudi nyuma kwa siku kumi na moja hivi kila mwaka, na miaka hii imeanza kuingia Februari, jambo linaloweza kuzisogeza tarehe. Skuli kwa wakati huo zimefunguliwa, lakini siku nzito za tamasha huangukia mwisho wa wiki, na ruhusa ya siku mbili haimshindi mwalimu anayejua kumzungumza mkuu wake. Akifika Jumatano atapata na jioni moja ya mazoezi kabla ya makelele kuanza.

Filamu inayostahili kuzungumzwa peke yake ni *Vuta N'kuvute*, kwa sababu mwaka huu niliitazama na kukisoma upya kitabu chake katika mwezi mmoja, na swali la kipi kitangulie ni swali analolikuta kila mwalimu. Riwaya ya Adam Shafi ilitoka mwaka 1999, na imesomeshwa miaka mingi katika kidato cha tano na cha sita. Filamu ya Amil Shivji ilitoka mwaka 2021, ikaoneshwa katika tamasha la Toronto mwaka huo huo, na ilipigwa hapa hapa Zanzibar. Kisa ni kile kile: Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa mume anayemzidi mbali kwa umri, anamkimbia; anapokewa Ng'ambo, upande wa mji ulio nje ya Mji Mkongwe, na rafiki yake Mwajuma; na anakutana na Denge, kijana anayepigania uhuru na anayesakwa na polisi wa kikoloni.

Filamu inashinda katika usiku. Vichochoro vya Mji Mkongwe, taa moja inayotoka dirishani, watu wawili wanaotazamana bila ya kusema: mambo hayo riwaya huyasimulia kwa ukurasa mzima, na kamera huyamaliza kwa pumzi moja. Lakini saa moja na nusu hivi haiwezi kuubeba mtaa mzima. Ng'ambo ya kitabuni ina majirani, ina wenye kusengenya, ina deni la duka, ina mtu anayebisha hodi wakati mbaya, na kila mmoja wao ana namna yake ya kusema. Humo ndimo Kiunguja kinapozungumza kwa raha zake, nami nilijikuta nikisoma mazungumzo ya Mwajuma kwa sauti jikoni mpaka mke wangu akaniuliza nina mgeni gani. Kwa mtazamaji wa mara ya kwanza filamu inatosha. Kwa anayetaka kuzipata zote mbili, kitabu kitangulie, kwa kuwa aliyekwisha kuusoma mtaa huo huuona tena katika kila pembe ya filamu, hata pale ambapo kamera haikuugusa, na aliyeanza na filamu hukisoma kitabu akiwa na nyuso za watu wengine kichwani. Kwa wanafunzi wake nilimwambia asiwaoneshe filamu mpaka wamalize kurasa zote, la sivyo wataijibu mitihani kwa filamu, nasi tumekwisha kuwaona waliofanya hivyo.

Kitabu hicho asikinunue, kwani ni cha skuli na atakipata kwa wenzake wanaosomesha Kiswahili. Fedha zake nilizielekeza kwenye *Peponi*. Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948, ameandika riwaya zake zote kwa Kiingereza, na mwaka 2021 alipata Tuzo ya Nobel ya Fasihi. Mwaka uliofuata, 2022, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ikachapishwa na Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam. Riwaya yenyewe ilitoka kwa Kiingereza mwaka 1994 na iliingia katika orodha fupi ya tuzo ya Booker. Ni kisa cha Yusuf, mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye baba yake anamweka rehani kwa tajiri Aziz ili deni lilipike, na ambaye anakua akiwa katika duka la watu na katika misafara ya kwenda bara, wakati Wajerumani wanakaribia.

Nilizisoma zote mbili, ya Kiingereza kwanza. Ulinganisho wao si wa ipi nzuri zaidi, ni wa nini kinasikika wapi. Yusuf mwanzoni anamchukulia Aziz kuwa ni ndugu yao wa damu, na Kiingereza kina neno moja tu kwa ami na mjomba, neno linaloweza kusemwa bila ya kujifunga upande wowote. Kiswahili hakina huruma hiyo. Mfasiri lazima achague, na akichagua tayari amekwisha kumpa mtoto yule ukoo wa uongo wenye upande maalumu, kwa hivyo siku anapoambiwa kwamba bwana yule hamhusu kwa damu, kinachovunjika ni kikubwa zaidi. Sikumwambia mdogo wangu neno gani limechaguliwa, akalione mwenyewe. Vile vile maneno yetu ambayo katika Kiingereza yamesimama kama wageni, yakionekana wazi kwamba yametoka kwengine, katika *Peponi* yamekaa kitako wala hayaonekani. Kitu fulani kinapotea hapo, ule ugeni wenyewe. Lakini wafanyabiashara wanaobishana njiani, wanaotishiana kwa dua na kutukanana kwa heshima, hao nilikuwa nawasoma kwa Kiingereza huku nikiwatafsiri kimoyomoyo, na katika tafsiri nikapumzika. Kama ni moja tu, iwe ya Kiswahili. Nakala yangu ya Kiingereza nitamwazima, na nimeiandika jina langu kurasa mbili tofauti, kwa kuwa namjua.

Kitabu cha pili hakikuwa cha mwaka huu wala cha muongo huu. *Kimbunga* cha Haji Gora Haji kilichapishwa mwaka 1994. Mtunzi wake alizaliwa Tumbatu mwaka 1933, akawa mvuvi, baharia na mchukuzi, akafariki mwaka 2021, na tungo zake zimejaa mafumbo ambayo mtu husoma leo kwa maana moja na mwakani kwa nyengine. Ndicho kitabu pekee katika daftari langu ambacho safu yake ya pili ina tarehe kumi na tisa. Sababu moja ni ubora wake. Sababu nyengine, ambayo si ya kifasihi, ni kwamba shairi moja linamalizika wakati boti haijatoka bandarini, na kitabu kinachosomeka kwa vipande kina nafasi kubwa ya kurudiwa kuliko riwaya inayodai wiki nzima ya utulivu. Wanaolinganisha vitabu kwa uzito wake tu husahau kuuliza vitasomwa wapi.

Sasa nije kwenye michezo, na kwenye aibu yangu. Gemu la mpira la simu, eFootball, lile ambalo zamani likiitwa PES na ambalo hupatikana bure, lina tarehe nyingi katika safu ya pili kuliko muziki, vitabu na filamu kwa pamoja. Niliacha kuziandika mwezi wa Oktoba kwa kuwa zilikuwa zinamaliza karatasi. Kwa kipimo nilichokitangaza hapo mwanzo, hilo ndilo lililoushinda mwaka. Lakini sikumbuki hata mechi moja. Nilijiuliza iwapo kweli nilikuwa nikilirudia bila ya kulazimishwa, na jibu ni kwamba zawadi ya kila siku inayotolewa kwa anayefungua, na inayopotea kwa asiyefungua, ni aina ya kulazimishwa, hata kama hakuna aliyenishika mkono. Bure yake nayo ina bei, kwani kila linapojisasisha hula bando kama mgeni asiyejua kuaga.

Upande wa pili ni bao. Nimelicheza mara ishirini na mbili mwaka mzima, na nilishinda tatu, lakini naweza kuzisimulia karibu zote. Kwa asiyelijua vizuri, bao la Kiswahili lina mashimo 32 na kete 64, ambazo kwa kawaida ni mbegu za komwe. Kila mchezaji huanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa katika nyumba, ambalo ni lile shimo la pembe nne, na ishirini na mbili zikiwa mkononi kwa ajili ya kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja kwa zamu. Zikimalizika hizo ndipo watu huingia katika mtaji, na hapo mchezo hubadilika kabisa, kwa sababu hakuna tena cha kuongeza, kuna kuhesabu tu. Mzee mmoja anayenifundisha kwenye baraza Kikwajuni hagusi kete wakati wa kufikiri. Huitazama safu yangu ya mbele kutoka kushoto kwenda kulia, mara moja, huku mkono wake ukiendelea kumenya chungwa, kisha huchota, huzungusha mizunguko mitatu bila ya kusita, na kete ya mwisho hutua pale pale alipokuwa ameangalia. Siku aliyoila nyumba yangu ikiwa na kete kumi na nne aliniambia kwa upole kabisa, "Umelala, mwanangu." Kulala katika bao ni kete ya mwisho kuangukia shimo tupu, na zamu kwisha. Alikuwa na maana zote mbili.

Nikizilinganisha, gemu linakufuata popote na halikuhitaji mtu. Bao halendi popote na bila ya mtu wa pili ni kipande cha ubao. Dhumna na karata zimo katikati, nyepesi kujifunza, nzuri kwa makelele, na pale Jaws Corner, Sokomuhogo, mtu anaweza kukaa jioni nzima akitazama tu kwa bei ya kahawa. Kwa mdogo wangu nilichagua bao bila ya kusita, tena bila ya kumtaka alifuate Unguja, kwa kuwa wachezaji wa Pemba hawatushindi kwa uchache. Kama kuna tofauti, ni kwamba wanaongea kidogo zaidi, jambo linalotisha. Huko kwao kuna na mambo yake ambayo mimi ndiye ninayepaswa kuyakatia tiketi: ngoma ya msewe, na mchezo wa ng'ombe, ambao picha yake katika simu ni vumbi tu na watu wanaokimbia. Hesabu ya mwakani itabidi iwe na safari hiyo.

Kuna jambo moja lililoniongoza katika haya yote ambalo wadogo zetu hawalikumbuki. Kati ya Disemba 2009 na Machi 2010 Unguja ilikaa miezi mitatu bila ya umeme wa bara, baada ya waya wa chini ya bahari kuharibika. Wenye jenereta waliwasha, wengine wetu tuliona vifaa vyetu vyote vikizima kwa zamu: televisheni kwanza, kisha redio ya betri, kisha simu. Mabaraza yalijaa. Bao lilikuwa linachezwa kwa kandili, na kitabu kimoja cha hadithi kilipita katika nyumba tisa za mtaa wetu mpaka jalada likabaki Mwembetanga. Sisemi kwamba mtu aiache simu, mwenyewe siiachi. Nasema kwamba nikiwa na fedha za vitu viwili au vitatu tu, kimoja chao lazima kiwe kile kisichoulizia chaji.

Kwa hivyo kifurushi chake kimekwisha kufungwa. Ndani yake mna *Peponi*, mna *Kimbunga*, na mna kitambaa chenye komwe sitini na nne, kwa kuwa ubao atachongewa huko huko kwa bei nafuu kuliko ya mjini. Komwe nilizihesabu mara mbili, kisha nikaongeza mbili za akiba. Nakala ya Kiingereza nimeiweka juu, na kibarua atakachokisoma kabla ya kuifungua kinamtaka airudishe mwenyewe kwa mkono wake, Februari.